Usugu wa saratani ya tezi dume kwa tiba ya homoni

Usugu wa saratani ya tezi dume kwa tiba ya homoni ni hali ambayo saratani huendelea kukua ingawa homoni za kiume zimeshushwa mno katika damu. Chanzo kikubwa ni mabadiliko ya jeni ndani ya seli za saratani, hasa jeni ya kipokezi cha androjeni, yaani homoni za kiume, iliyoko kwenye kromosomu X.

Tiba hii ina mizizi katika kazi ya Charles Huggins na Clarence Hodges wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambao mwaka 1941 walionyesha kwamba kuondoa korodani hunyong'onyeza saratani iliyosambaa. Huggins alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Afrika Mashariki upasuaji huo ungali unafanyika sana, maana hufanywa mara moja tu, ilhali sindano za kuzima homoni hurudiwa kila baada ya miezi kadhaa na bei yake ni mzigo kwa familia nyingi. Kwa kawaida nafuu huja upesi: maumivu ya mifupa hupungua, kipimo cha PSA, protini ya tezi dume inayopimwa katika damu, hushuka. Baada ya miezi au miaka, PSA huanza kupanda tena.

Zamani ilidhaniwa kwamba saratani iliyofika hapo imeachana kabisa na homoni. Kwa wagonjwa walio wengi sivyo. Kipokezi bado ndicho kinachoiendesha. Kilichobadilika ni namna kinavyowashwa. Katika hali ya kawaida testosteroni hunasa kwenye kipokezi, nacho huingia ndani ya kiini cha seli na kuamsha jeni za ukuaji, pamoja na ile inayotengeneza PSA. Ndiyo maana PSA inayopanda ni dalili kwamba kipokezi kimeamka.

Badiliko linaloonekana mara nyingi ni jeni ya kipokezi kujirudufu, jambo lililoelezwa mwaka 1995 na watafiti wa Tampere, Ufini. Seli yenye vipokezi tele hutosheka na homoni kiduchu inayotoka kwenye tezi za adrenali, au inayotengenezwa na uvimbe wenyewe. Dawa ya abirateroni hulenga kukausha chemchemi hizo.

Badiliko la herufi moja ya DNA lina madhara ya kushangaza zaidi. Seli za LNCaP, zinazotumika katika maabara nyingi duniani, zilitokana na tezi ya limfu ya mgonjwa mmoja nchini Marekani. Kwenye nafasi ya 878 ya kipokezi chake, asidi amino ya threonini imebadilishwa na alanini. Kwa tofauti hiyo ndogo, mahali pa kupokelea homoni hukubali vitu visivyostahili: projesteroni, estrojeni, hata flutamidi, dawa iliyokusudiwa kukizima kipokezi. Dawa hugeuka kichocheo, na baadhi ya wagonjwa walipata nafuu walipoachishwa dawa za aina hiyo. Badiliko jingine, kwenye nafasi ya 702, hukifanya kipokezi kiwashwe na steroidi kama prednisoloni, ambayo hutolewa pamoja na abirateroni. Daktari anayeona PSA ikipanda ana sababu nzuri ya kuitazama upya orodha nzima ya dawa za mgonjwa.

Njia nyingine ni kipokezi kilichokatika, kiitwacho AR-V7, ambacho hakina kabisa sehemu ya kunasia homoni na huwa kimewaka muda wote. Hapa si lazima jeni yenyewe iwe imeharibika. Kosa huwa katika kuunganisha vipande vya ujumbe wake. Dawa ya enzalutamidi, inayoziba sehemu hiyo isiyokuwepo, hukosa pa kushika.

Wachache hupatwa na hali tofauti kabisa. Seli zikipoteza jeni za TP53 na RB1, ambazo ni breki za ukuaji, zinaweza kugeuka kufanana na seli za neva zinazotoa homoni. Hizo kweli haziitegemei tena androjeni wala kipokezi chake. PSA hubaki chini huku saratani ikienea kwenye ini na mifupa, na kipimo cha damu kilichoaminiwa kwa miaka hakionyeshi tena ukubwa wa ugonjwa. Huhitajika picha na uchunguzi mpya wa kipande cha uvimbe.