Malaika wa Bwana

Malaika wa Bwana ni sala ya Wakatoliki isaliwayo kila siku alfajiri, adhuhuri na magharibi, kwa ukumbusho wa habari aliyopashwa Bikira Maria na Malaika Gabrieli. Asili yake ni ibada za watawa wa Ulaya katika Karne za Kati. Katika Jimbo la Singida, mkulima aisikiapo kengele ikilia mapigo matatu matatu hulaza jembe kati ya alizeti, akavua kofia, na penye kutajwa Neno kufanyika mwili akapiga goti. Na hiyo ndiyo fadhila kuu ya sala hii, kwamba huitia nia takatifu hata kazi ya palizi. Kipindi cha Pasaka husaliwa badala yake sala ya Malkia wa Mbingu.