Hakathoni si wizi

Mwambie mzee wa Kotile, kando ya Mto Tana, kwamba mjukuu wake anayesoma Chuo Kikuu cha Garissa anakwenda kwenye "mashindano ya udukuzi". Atauliza dhamana ni shilingi ngapi. Na ana haki: kudukua ni kuchungulia au kusikiliza ya watu kwa siri, na siku hizi ni kuingia kwenye kompyuta ya mwenzio bila ruhusa, kosa chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2018.

Hakathoni, ambayo wengine huitafsiri hivyo, haihusiani na hayo. Neno lilianza kusikika mwaka 1999, nusu yake ikitoka kwenye marathoni: watu wanajifungia siku moja au mbili, wanaunda programu kwa haraka, hata ikiwa ya kuungaunga. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya zikiendelea, wataalamu wachache waliunda tovuti ya Ushahidi kwa siku chache tu kwa mtindo huohuo. Ukiona tukio, ulituma ujumbe mfupi, likawekwa kwenye ramani.

Huko Kotile kazi ya aina hiyo ipo. Mto Tana ukifurika, mkulima anahitaji onyo kwenye simu yake, simu ya kubonyeza, tena kwa Kisomali au Kipokomo, kabla maji hayajafika shambani.

Kwa kumweleza mzee, "mkesha wa programu" unatosha, maana usingizi huko hakuna (chai ndiyo ipo). Kwa jina, andikeni hakathoni, kama tulivyokwisha kuandika marathoni. Udukuzi waachieni polisi.