Neno Lisilokuwamo Daftarini

Nilifika Beijing mwaka 1988 kusomea uhandisi. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa lugha tupu, na ulipokwisha nikajiona mjuzi wa Kichina. Kumbe nilikuwa bado mlangoni.

Kiburi hicho nilikipata kwa redio na televisheni. Tangu 1961 Redio Peking ilitangaza kwa Kiswahili, na marehemu baba alikuwa msikilizaji wake. Sasa nami nilisikiliza Wachina wakitangaziana wenyewe. Saa moja jioni sikukosa taarifa ya habari ya televisheni ya taifa, Xinwen Lianbo, iliyoanza Januari 1978. Watangazaji wake walisema Putonghua safi, lugha ambayo serikali ilianza kuieneza nchi nzima katika miaka ya 1950 ili mtu wa kusini aelewane na wa kaskazini. Walitamka neno kwa neno, nami nikiandika daftarini. Kiongozi alipofariki walisema "shishi". Nikalikariri.

Vuli ya 1990 bawabu wa bweni letu, mzee wa makamo ya baba yangu, hakuonekana kwa siku kadhaa. Aliporudi nilimwuliza hali ya mkewe, niliyejua kuwa ni mgonjwa. Akanijibu maneno mawili: "Zou le." Yaani, ameondoka. Nikafurahi, nikamwuliza, "Atarudi lini?"

Alinitazama kitambo. "Harudi, mwanangu."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Mzee yule hakuniwekea kinyongo. Majira ya baridi ilipoonyeshwa Kewang, tamthilia ya sehemu 50 iliyowakusanya watu wengi mno mbele ya televisheni, aliniita chumbani mwake tuitazame pamoja. Ilikuwa habari ya Liu Huifang, mfanyakazi wa kiwandani aliyemlea mtoto wa kuokotwa. Watu wa mchezo ule hawakusema kama watangazaji. Walikatizana, walimeza silabi, walisema nusu ya jambo na nusu wakaiachia macho. Niliposhindwa, mzee alinifafanulia kwa Kichina chepesi, wala hakunicheka. Mara nyingine alinyamaza katikati ya maelezo, nami nikajifunza kutouliza.

Siidharau taarifa ya habari. Ndiyo iliyonizoesha sikio. Lakini habari husomwa kwa watu wote, na msiba huelezwa mtu kwa mtu. Anayetaka kuifika lugha ndani hana budi kukaa pale wanaposemezana waliozoeana, hata kama ni mbele ya kioo cha televisheni.

Linaloniuma hadi leo ni kwamba sikuwa na udhuru. Mimi natoka kwa watu wasemao "ametutoka", wasemao "ametangulia". Baba alipofariki, hivyo ndivyo nilivyoambiwa, na sikuuliza atarudi lini.