Wanafunzi wa Mlimani walivyoiandika upya Maji Maji

Vita vya Maji Maji vinapotajwa, idadi ya waliopoteza maisha huwa ni kati ya watu 250,000 na 300,000. Idadi hiyo husomwa darasani, huandikwa magazetini, na ilirudiwa tena Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipokwenda Songea kuomba msamaha kwa niaba ya nchi yake. Wajerumani waliopigana vita hivyo walikuwa wamekadiria vifo 75,000. Hesabu iliyokuja kuipiku ile ya serikali ya kikoloni haikutoka Berlin wala London. Ilitoka Mlimani, kwenye Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mtafiti kijana aliyeitwa Gilbert Gwassa.

Gwassa hakuwa peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960, yeye na mhadhiri Mwingereza, John Iliffe, waliongoza Mradi wa Utafiti wa Maji Maji, ambao uliwatoa wanafunzi wa historia madarasani na kuwapeleka vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka vita. Kazi ile ndiyo iliyoyapa maasi ya 1905 sura tunayoijua leo, ya watu wa makabila mengi walioshikamana dhidi ya mkoloni. Kazi hiyohiyo iliacha nje mambo ambayo watafiti waliofuata wamehangaika kuyarudisha. Nguvu yake na upungufu wake vilitoka mahali pamoja, kwenye swali ambalo taifa changa lilitaka lijibiwe.

Chuo kichanga, historia mpya

Chuo kilifunguliwa Oktoba 25, 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 15 katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kikahamia kwenye kilima nje ya mji, na mahali pale pakaitwa Mlimani hadi leo. Kwanza kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kisha kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, mpaka Julai 1970 kilipojitegemea.

Idara ya Historia ilianza chini ya Terence Ranger, Mwingereza aliyekuwa amefukuzwa Rhodesia ya Kusini mwaka 1963 kwa kuwaunga mkono wapigania uhuru. Wakati huo vyuo vingi vya Ulaya vilifundisha habari za Wazungu barani Afrika na kuziita historia ya Afrika. Ranger na wenzake wakageuza mambo. Oktoba 1965 Dar es Salaam ikawa mwenyeji wa kongamano la kimataifa la historia ya Afrika. Baadaye Isaria Kimambo, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Upare kwa ajili ya shahada yake ya uzamivu, alionyesha kwamba historia ya siasa ya watu wasio na maandishi inaweza kuandikwa kwa viwango vya chuo chochote duniani.

Ndipo ulimwengu wa wanahistoria ulipoanza kuzungumzia mkondo wa Dar es Salaam. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba Waafrika walijitengenezea historia yao wenyewe, na kwamba kati ya upinzani wa mwanzo dhidi ya ukoloni na harakati za kudai uhuru kuna uzi mmoja usiokatika. Kwa Tanganyika, hapakuwa na mfano uliofaa kuliko Maji Maji. Nyerere mwenyewe, kiongozi wa TANU, alikwishautumia mfano huo kwenye Umoja wa Mataifa mwaka 1956, alipoeleza kwamba watu wa kusini walipigana kwa kuwa hawakukubali kwamba mgeni ana haki ya kuwatawala.

Majoho barabarani

Chuo hicho kilikuwa na mgogoro wake na taifa. Oktoba 22, 1966, wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao ya chuo, wakipinga sheria ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa. Kilichowaudhi zaidi ni kwamba, baada ya miezi ya kambini, wangefanya kazi mwaka mmoja na nusu wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Baadhi ya mabango yao yalidai kwamba enzi za ukoloni zilikuwa na nafuu.

Nyerere aliwasikiliza, akawajibu kwa hasira. Akatangaza kupunguza mshahara wake na wa mawaziri kwa asilimia 20, na wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao. Wengi walipokelewa tena baadaye, lakini swali halikuondoka: msomi anayesomeshwa kwa kodi ya mkulima anamfaa nini mkulima huyo? Miezi mitatu na ushee baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, na swali likawa sera ya nchi.

Katika hali hiyo, utafiti unaompeleka mwanafunzi kijijini, akakae kwenye mkeka wa mzee na kumwomba amfundishe, ulikuwa na maana iliyozidi historia. Chuo kilichotuhumiwa kuzalisha mabwana wadogo sasa kilikuwa kinawatuma vijana wake wakawe wanafunzi wa wakulima.

Wazee wanasema

Kabla ya mradi, habari za Maji Maji zilitegemea sana upande wa waliotawala. Gavana von Götzen, aliyeyazima maasi, alitoa kitabu chake mwaka 1909. Majalada mengi ya serikali ya kikoloni yalikuwa Potsdam, Ujerumani Mashariki. Kwa upande wa wenyeji, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alikuwa ametunga utenzi wa vita hivyo, ukachapishwa mwaka 1957. Sauti za wakulima wenyewe zilikuwa bado vinywani mwao.

Na muda ulikuwa unayoyoma. Kijana wa miaka 15 mwaka 1905 alikuwa na miaka 78 mwaka 1968. Wanafunzi waliotoka kusini walitumia likizo kuhoji kwenye wilaya zao, wakazungumza na wazee kwa Kiswahili au kwa lugha za nyumbani, kisha wakaandika ripoti kwa Kiingereza. Wawili kati yao, O. B. Mapunda na G. P. Mpangara, waliandika kuhusu vita Ungoni, na kazi yao ikachapishwa kama kijitabu mwaka 1969. Mwaka mmoja kabla, Gwassa na Iliffe walikuwa wametoa kumbukumbu za maasi kupitia Chama cha Historia cha Tanzania. Ripoti nyingine zilipigwa taipu, zikarudufiwa na kuwekwa pamoja kwenye juzuu lililobaki hazina ya watafiti mpaka sasa.

Walichokileta kilikuwa tofauti na maandiko ya magavana. Wazee wa Umatumbi walisimulia mashamba ya pamba yaliyoanzishwa mwaka 1902. Kila eneo lilikuwa na shamba lake chini ya jumbe au akida, watendaji wa serikali ya kikoloni, na kila mwanamume alitakiwa kulilima siku 28 kwa mwaka, mara nyingi wakati uleule shamba lake la mpunga au mtama lilipomhitaji. Malipo yalikuwa kidogo kiasi kwamba wengine walikataa kuyapokea. Aliyechelewa alikuwa na kiboko chake.

Kisha wakasimulia habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Kwa masimulizi yao, alipandwa na pepo Hongo, akaingia kwenye bwawa la mto na kutoka siku ya pili nguo zikiwa kavu. Watu wakaanza kumiminika kwake kutoka pande zote kuchukua dawa ya maji iliyoaminika kuwakinga na risasi, na habari zikapita kwa kunong'onezana mpaka maeneo ya mbali. Vijana walifanya mazoezi ya kivita yaliyoitwa likinda, huku maofisa wa kikoloni wakidhani ni mambo ya uganga tu.

Ila Kinjikitile hakutoa amri ya kuanza. Wamatumbi walichoka kusubiri. Mwishoni mwa Julai 1905, kwenye kijiji cha Nandete, watu walikwenda kwenye shamba la pamba la jumbe na kung'oa miche. Wazee walitaja hata majina ya walioanza kung'oa, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Kung'oa pamba kulikuwa kutangaza vita kwa namna ambayo kila mtu aliielewa, kwani mti ule ndio ulioleta kiboko. Siku chache baadaye Samanga, pwani, ilishambuliwa. Agosti 4 Kinjikitile alinyongwa Mohoro, na maasi yakaendelea kusambaa bila yeye. Mwisho wa mwezi huo maelfu ya wapiganaji walikuwa wanalikabili boma la Mahenge na bunduki zake za rashasha.

Bila mahojiano yale, Nandete ingebaki doa kwenye ramani na Mandai na Machela wasingejulikana nje ya koo zao.

Kutoka ripoti hadi gazeti la chuo

Matunda ya utafiti hayakubaki kwenye kabati za idara. Mwaka 1969 Kimambo na Arnold Temu walihariri kitabu cha historia ya Tanzania kilichosomwa miaka mingi shuleni na vyuoni. Mwaka huohuo Ebrahim Hussein, naye wa Mlimani, akatoa tamthilia ya Kinjeketile. Hussein alimfanya shujaa wake kuwa mtu wa kubuniwa mwenye mashaka na neno alilolianzisha mwenyewe, na huyo ndiye ambaye vizazi vya wanafunzi wa sekondari wamemjua zaidi kuliko yule wa Ngarambe.

Wanafunzi wenye msimamo mkali nao walikuwa na jarida lao. Novemba 1969 umoja wao, ambao Yoweri Museveni alikuwa mmoja wa viongozi wake wa mwanzo, pamoja na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU, walianzisha Cheche. Lilirudufiwa chuoni na kuchambua ujamaa bila kumwonea haya mtu. Walter Rodney, mhadhiri wa historia kutoka Guyana, alikuwa karibu na vijana hao. Mwaka 1970 toleo zima lilibeba makala ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka nchini.

Novemba mwaka huo serikali ililipiga marufuku jarida pamoja na umoja ulioliendesha. Sababu iliyotolewa ni kwamba jina Cheche lilikumbusha gazeti la Lenin, na Tanzania haikuwa inajenga ujamaa wa Kirusi. Jarida lililochukua nafasi yake, chini ya Umoja wa Vijana wa TANU peke yake, likaitwa Maji Maji. Kama serikali ilitaka jina la nyumbani, wenzao wa idara ya historia walikuwa wamelitia uzito ambao hakuna ofisa angethubutu kuupinga.

Kilichoachwa nje

Miaka ilivyopita, wanahistoria walirudi kwenye ripoti zilezile wakiwa na maswali mengine. Wanafunzi wa 1968 walitumwa kutafuta namna watu walivyoungana, na mzee anayeulizwa habari za umoja hujibu habari za umoja. Mzee huyo pia alikuwa ameishi miaka kadhaa akisikia TANU ikiisifu Maji Maji majukwaani.

Thaddeus Sunseri alipochunguza Uzaramo, alikuta wanawake waliobaki na mashamba wakati wanaume wakitafuta ujira, na nguruwe mwitu waliozidi kwa sababu serikali ilibana uwindaji. Jamie Monson alionyesha kwamba huko nyanda za juu kusini watu wengi waliingia vitani, au walikaa kando, kwa sababu ya ugomvi na urafiki wa tangu kabla ya Mjerumani kufika. Mwaka 2010, Monson na James Giblin walihariri kitabu kilichokusanya kazi za namna hiyo. Picha iliyopatikana ni ya vita vingi vidogo vilivyopewa jina moja, na vilivyokuwa na Waafrika pande zote mbili, kwani askari wengi wa Mjerumani walikuwa weusi.

Hilo halibomoi kazi ya Gwassa na Iliffe. Wakosoaji wote hao wamejengea juu yake, maana hakuna tena wa kumhoji. Iliffe mwenyewe tangu 1967 alikwisha kuandika kwamba maasi yalibadilika kadiri yalivyosonga mbali na Umatumbi. Kilichopotea njiani ni tahadhari hiyo. Vitabu vya shule vilibeba umoja na kuacha maswali.

Lipo deni jingine. Tasnifu ya Gwassa ya mwaka 1973, ambamo umo ule ukadiriaji wa vifo unaosema huenda theluthi moja ya watu wa maeneo ya vita walikufa, ilikuja kuchapishwa kuwa kitabu mwaka 2005, mjini Köln, kwa Kiingereza. Ripoti za wanafunzi nazo ni za Kiingereza. Mzee wa Nandete aliyesimulia kwa Kimatumbi hakuwa na namna ya kusoma alivyonukuliwa, na mjukuu wake anayesoma Kilwa au Songea leo hukutana na babu yake kwenye muhtasari wa kujibia mtihani. Chuo kilichowahi kutuma vijana wakasikilize kina kila sababu ya kuchapisha walichosikia kwa Kiswahili, pamoja na maswali yaliyoulizwa, ili msomaji aamue mwenyewe ni wapi mzee anasema na ni wapi mwaka 1968 unasema.