Ira Aldridge: Mcheza Ugenini Aliyetunzwa

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii twaifundisha kila mwaka madarasani, na wanafunzi huielewa upesi, maana kila mtu amepata kuona ngoma ya kwao. Lakini katika historia ya sanaa ya maigizo yuko mtu ambaye maisha yake yaliigeuza methali hiyo juu chini. Kwao hakuruhusiwa kucheza. Akaenda kucheza ugenini, na huko ndiko alikotunzwa. Mtu huyo ni Ira Aldridge, Mmarekani mweusi, mmoja wa waigizaji mashuhuri wa tamthilia za Shakespeare katika karne ya 19.

Aldridge alizaliwa katika mji wa New York tarehe 24 Julai, 1807, wakati utumwa ulikuwa haujafutwa katika jimbo hilo. Sheria ya kuukomesha kabisa ilitimia mwaka 1827. Alisoma katika shule iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto wa Kiafrika mjini humo. Mwaka 1821 Mwafrika mmoja huru, William Alexander Brown, alifungua jumba la michezo ambalo waigizaji wake walikuwa watu weusi, na tamthilia za Shakespeare zilikuwa miongoni mwa michezo yao. Jambo hili liliwaudhi wengi. Wahuni walikuja kufanya fujo, na mwaka 1822 polisi waliwakamata waigizaji, wakawaachilia baada ya kuwatoza ahadi kwamba hawatamwigiza Shakespeare tena. Tuitazame vema ahadi hiyo. Watu hao hawakukatazwa kuimba wala kucheza ngoma. Walikatazwa kuyatamka maneno ya mshairi mkuu wa Kiingereza, kana kwamba maneno yale yalikuwa mali ya watu wa rangi moja tu.

Katika mazingira hayo ndimo kijana Aldridge alimoonja utamu wa jukwaa. Alipoona kwamba nchi yake haina nafasi kwake, alivuka bahari ya Atlantiki mwaka 1824 akafika Uingereza. Mwaka 1825, akiwa bado hajatimiza miaka 18, aliigiza Othello katika jumba dogo la London. Baadaye mwaka huohuo alipanda jukwaa la jumba la Royal Coburg akiwa Oroonoko, mwana wa mfalme aliyeuzwa utumwani. Watazamaji walimshangilia. Wahakiki je? Gazeti la The Times lilidai kwamba kwa umbo la midomo yake asingeweza kabisa kukitamka Kiingereza sawasawa. Neno hilo liliandikwa juu ya mtu ambaye Kiingereza ndicho alichozaliwa nacho, akakisoma shuleni, na kukikariri usiku na mchana.

Aldridge hakujibizana na magazeti, alikwenda mikoani. Kwa miaka mingi alizunguka miji ya Uingereza, Scotland na Ireland. Jioni moja aliweza kuwa Othello, watu wakatokwa machozi, kisha baada ya muda mfupi akarudi akiwa Mungo, mtumwa mchekeshaji, na watu walewale wakavunjika mbavu kwa kicheko. Mwaka 1828 alikabidhiwa uongozi wa jumba la michezo la Coventry, na wenyeji wa mji huo waliomsikia wakapeleka Bungeni ombi la kutaka utumwa ukomeshwe. Aghalabu, katika usiku wa mwisho wa maonyesho yake, alisimama mbele ya watazamaji akazungumza nao kwa kinywa chake mwenyewe juu ya dhuluma ya utumwa.

Mtihani mkubwa ulimkuta mwaka 1833. Tarehe 25 Machi Edmund Kean, mwigizaji aliyesifiwa kuliko wote wakati huo, alianguka jukwaani katika jumba la Covent Garden akiigiza Othello, na mwezi Mei akafariki. Aldridge aliitwa ashike nafasi yake, akaigiza tarehe 10 na 12 Aprili. Hapo Bunge lilikuwa karibu kupitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza, na wenye mashamba ya miwa walikuwa na sauti kubwa mjini London. Baadhi ya magazeti yalimshambulia vikali. Jarida la Athenaeum lililalamika kwamba haikuwa heshima Ellen Tree, aliyeigiza Desdemona, kushikwashikwa jukwaani na mtu mweusi. Baada ya siku hizo mbili maonyesho yalikatizwa. Sheria ilipita mwezi Agosti. Mlango wa Covent Garden ulikuwa umekwisha kufungwa.

Alirudi mikoani, akapanua kazi yake. Aliigiza Shylock, Macbeth, Richard wa Tatu na Mfalme Lear, akijipaka rangi nyeupe usoni. Mwaka 1852 alivuka kwenda bara la Ulaya, na hapo ndipo utukufu wake ulipotimia. Mfalme wa Prussia alimtunukia nishani ya dhahabu ya sanaa. Mwaka 1858 alifika St Petersburg, akaigiza pamoja na kundi la Wajerumani: yeye akisema Kiingereza, wenzake wakimjibu kwa Kijerumani, na ukumbi mzima ukilia. Huko alifanya urafiki na Taras Shevchenko, mshairi na mchoraji wa Ukraine aliyezaliwa mtwana. Walihitaji mkalimani ili wazungumze, lakini mtoto wa taifa la watumwa na mtoto wa watwana walielewana. Shevchenko akamchora picha ambayo imehifadhiwa.

Aldridge alifariki safarini katika mji wa Łódź, nchini Poland, tarehe 7 Agosti, 1867, akazikwa hukohuko. Kwao Marekani hakurudi kuigiza kamwe. Binti yake Amanda, mwanamuziki na mwalimu wa sauti, alikuja kumfundisha Paul Robeson, Mmarekani mweusi aliyeigiza Othello mjini London mwaka 1930. Robeson huyo mwaka 1934 alijiandikisha katika Chuo Kikuu cha London kusoma fonetiki na Kiswahili.

Hapo ndipo habari hii inapotuhusu sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na mwambao. Wanafunzi wetu wengi hawakunyonya lugha hii kwa mama zao, na mara nyingi huchekwa kwa lafudhi zao hata kabla hoja zao hazijasikilizwa. Hatusemi kwamba matamshi yasisahihishwe. Hiyo ni kazi yetu. Twasema kwamba kusahihisha ni jambo moja, na kumwambia mtu kwamba kinywa chake hakikuumbwa kwa lugha fulani ni jambo jingine. Tunayo Makbeth aliyoitafsiri S. S. Mushi mwaka 1968, na Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Macbeth na Shylock ni watu ambao Aldridge aliwapa sauti yake. Tuwape wanafunzi wetu maneno yao wayaseme jukwaani kwa sauti kubwa, na yule anayechekwa zaidi darasani apewe nafasi ya kwanza.