Dirisha Linalobeba Stima

Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, kuna duka ninakonunua maji na vocha, na kwenye meza yake kuna kalkuleta ya jua ya zamani, isiyo na betri. Mwenye duka ana mchezo wake. Ukianza kubishana bei, anaweka gumba juu ya kile kipande cha kahawia kilicho juu ya tarakimu. Hesabu inafifia, inapotea. Siku moja nikamwuliza, "Sasa babu, deni langu limekwisha?" Akaondoa gumba, ikatokea sifuri. "Kwa kalkuleta umeshalipa, mwanangu. Kwa daftari bado."

Kile kipande cha kahawia ni paneli ya sola. Niliacha chuo mwaka wa pili, kozi ya umeme, lakini swali moja la darasani lilinifuata hadi nyumbani: stima inatokaje mle ndani? Silikoni yenyewe ni utando mwembamba kuliko unywele, umepakwa kwenye kioo. Jua likiipiga, chaji zinaanza kutembea, na lazima uzikusanye kwa mbele na kwa nyuma. Nyuma hakuna shida, unapaka alumini. Mbele ndiko kwenye kazi. Chuma hupitisha stima lakini huziba jua. Kioo hupitisha jua lakini huziba stima. Unataka kitu kimoja ambacho ni dirisha na waya kwa wakati mmoja.

Mwaka wa 1907 Mjerumani Karl Bädeker, wa ukoo ule wa wachapishaji wa vitabu vya wasafiri, alipasha moto utando wa kadimiamu hewani. Ukageuka oksidi, ukawa angavu, na bado ukapitisha stima. Hakuishi kuona matumizi yake. Aliuawa Liège, Agosti 1914, vita vya kwanza vikiwa ndio vimeanza.

Na Mombasa je? Kwa historia inayosimuliwa na Kenya Power yenyewe, Sultani Barghash wa Zanzibar alinunua jenereta mwaka wa 1875, kumulika kasri lake na njia za karibu. Mwaka wa 1908, mwaka mmoja tu baada ya Bädeker, mashine hiyo ikanunuliwa na Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa hapa Mombasa, na kampuni ya stima ya mji huu ikaanzia hapo. 1922 ikaunganishwa na ya Nairobi. Ndiyo hadithi tunayoijua: mashine moja kubwa, mwenyewe mmoja, sisi wengine tunangoja iwashwe.

Ule utando wa Bädeker ulileta hadithi nyingine, ingawa ulichelewa sana. Miaka ya 1990 Wakenya walikuwa wananunua paneli ndogo za sola kwa pesa zao wenyewe, bila ruzuku. Kufikia mwisho wa muongo huo, mifumo zaidi ya 100,000 ilikuwa imeuzwa. Nyingi zilikuwa za utando mwembamba, wati kumi na kitu, ya kutosha taa mbili na televisheni ya rangi nyeusi na nyeupe. Mbele zilikuwa na kioo kilichopakwa oksidi ya bati, lile dirisha-waya.

Hapa ndipo palipo na uchungu. Silikoni ya aina hii huchoka: ikikaa juani miezi ya kwanza, nguvu yake hushuka kabla ya kutulia. Staebler na Wronski walilieleza jambo hilo mwaka wa 1977. Kwa hiyo muuzaji mwaminifu huandika nguvu ya baada ya kuchoka, na mwingine huandika ya siku ya kwanza. Mnunuzi dukani angejuaje? Kioo ni kile kile, rangi ni ile ile. Mwaka wa 1999 watafiti, akiwemo Arne Jacobson na Daniel Kammen, walipima paneli zilizokuwa tayari kwenye nyumba za Wakenya. Chapa kadhaa zilikuwa sawa. Nyingine ilikuwa mbali sana na maandishi yake. Na waliokuwa wameilipia ni walimu na wakulima wa chai.

Sasa imekuja grafini. Ni safu moja ya kaboni, unene wa atomu moja, iliyobanduliwa kutoka kwenye grafiti kwa selotepu na Geim na Novoselov kule Manchester. Walichapisha mwaka wa 2004, wakapata Nobel mwaka wa 2010. Safu moja humeza asilimia 2.3 tu ya mwanga. Hujikunja bila kuvunjika, tofauti na oksidi ya indiamu na bati iliyo kwenye skrini ya simu yako. Indiamu ni adimu. Bati nayo huchimbwa hata Walikale, Kongo mashariki. Kaboni iko tele, na grafiti iko hapo jirani tu, Mahenge na Ruangwa, Tanzania.

Ila tupunguze mbio. Mwaka wa 2008 watafiti wa Mainz, Ujerumani, waliweka grafini mbele ya seli ya sola ya rangi. Ufanisi wake haukufika asilimia 1, na kioo cha kawaida kiliishinda. Mwaka wa 2010 Wakorea walitengeneza karatasi yake ya inchi 30, lakini safu moja ilikuwa na ukinzani wa omu 125, mara kadhaa ya kioo kizuri cha zamani. Ukiongeza safu, ukinzani unashuka, na mwanga nao unapungua. Shida ya Bädeker haijaenda popote.

Juzi nimeona neno hilo, kwa Kiingereza, limeandikwa kwa dhahabu kwenye boksi la chaja barabara ya Digo. Nikampelekea babu habari yote: atomu, selotepu, Nobel. Akanisikiliza mpaka mwisho, akihesabu chenji.

"Na hilo boksi," akasema, "nani amelipima?"

Nikamwambia sijui. Akavuta daftari.

"Basi tuanze na lako. Maji mawili, vocha ya hamsini, na ya juzi."