Wavuvi wa Kilindi na Nuksi Zao

Wasikilizaji wetu wa pwani wanajua vema ya kuwa kuna wageni wavuao samaki pasipo haja ya kitoweo. Hukodi mashua yenye injini, hutoka alfajiri hata wafike maji ya kilindi, na jioni hurudi, pengine mikono mitupu, nao wamelipa fedha nyingi. Mzee akiwatazama huuliza: Je, watu hawa wana akili timamu? Leo twataka kueleza jinsi mchezo huo ulivyoanza, pamoja na jambo lingine linalofuatana nao, yaani imani za bahati na nuksi. Maana watu hawa waliosoma, wenye mitambo ya kila namna, wengi wao huogopa ndizi.

Ndizi tutaifikia. Kwanza twende katika kisiwa cha Santa Catalina, karibu na pwani ya California, Marekani. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa huko walivua kwa mishipi minene ya mkono, wakavuta samaki wengi kuliko walivyohitaji. Bwana mmoja, Charles Frederick Holder, alichukizwa na uharibifu huo. Akaona ya kuwa mtu akivua kwa ufito na mshipi mwembamba, samaki naye atapata nafasi ya kujiokoa, na shindano litakuwa la haki. Tarehe 1 Juni 1898 alimpata kwa ufito jodari wa ratili 183, ndizo karibu kilo 83, na mwaka uo huo kikaanzishwa chama cha wavuvi wa jodari katika mji wa Avalon. Sheria zake zilikuwa kali: mvuvi apigane na samaki peke yake, wala mtu mwingine asiguse ufito. Mwaka uliofuata Kanali C. P. Morehous akapata jodari wa ratili 251.

Sasa tufikiri juu ya vyombo vyao. Mshipi ulikuwa wa kitani, nao ulizungushwa katika kigurudumu kilichofungwa juu ya ufito. Kigurudumu kile hakikuwa na breki. Samaki akikimbia, mpini wa kuzungushia ulirudi nyuma kwa kasi ya ajabu, na mvuvi asiyeondoa mkono upesi aliweza kuvunjika vidole. Kilichomsaidia ni kipande cha ngozi tu, ambacho alikikandamiza juu ya mshipi kwa dole gumba. Akikaza mno, mshipi ulikatika. Akilegeza mno, uliisha wote. Katika hali hiyo ilikuwa rahisi kusema: Leo sina bahati.

Baadaye mafundi wakabuni kigurudumu chenye breki ndani yake. Mwaka 1913 William Boschen, akivua hapo Catalina kwa kigurudumu cha namna hiyo, alimtoa samaki mwenye mdomo bapa kama upanga, uzito wake zaidi ya ratili 350. Kabla yake hakuna aliyempata samaki wa aina ile kwa ufito. Basi tazameni: sehemu moja ya bahati iliondoka, ikawa kazi ya fundi.

Lakini nuksi hazikuondoka. Mchezo ulienea Florida, Bahama, Hawaii na New Zealand, nazo zikafuata chomboni. Kupiga mluzi ni kuita upepo. Kubadili jina la mashua ni kujitakia msiba. Na ndizi! Huko Hawaii na Florida manahodha wengi hawakubali ndizi ipandishwe. Mgeni akionekana nayo, hutupwa baharini (ndizi, si mgeni). Wengine husema merikebu za ndizi zilikwenda mbio mno, hata mabaharia wasiweze kuvua. Wengine husema buibui wenye sumu walijificha ndani ya mikungu. Sisi twadhani ya kuwa sababu hizi zilitafutwa baada ya hofu kuwako. Hata Ernest Hemingway, mwandishi mashuhuri aliyevua Malindi mwaka 1934 baada ya safari ya kuwinda, ameandika mwenyewe ya kuwa zamani alichukua mguu wa sungura mfukoni.

Tusicheke mno. Mtepe wa zamani, chombo kilichoshonwa kwa kamba, ulitundikwa hirizi omoni. Kusini ya Mombasa wazee walitoa sadaka katika mizimu ya pwani ili samaki wapatikane. (Wavuvi wengi wa kwetu wasiotoka Ijumaa asubuhi ni habari nyingine, hao wanangoja sala, hawaogopi nuksi.)

Mtaalamu mmoja, Bronislaw Malinowski, alikaa katika visiwa vya Trobriand, mashariki ya New Guinea, wakati wa vita ya 1914 hata 1918. Aliona ya kuwa watu wale wakivua ndani ya maji yaliyozungukwa na miamba, mahali pa salama na penye samaki wa hakika, hawakufanya uganga wowote. Walipokwenda bahari kuu, penye hatari na mashaka, uganga ulikuwa mwingi. Watu ni wale wale, akili ni ile ile. Na sisi tujiulize: nani huvaa hirizi kwenda kuokota chaza maji yakitoka?

Nduwaro, mwenye mdomo kama mkuki, ni samaki wa kilindi. Mtu aweza kukokota chambo tangu macheo hata machweo asiguswe, kisha yote yakaamuliwa kwa dakika moja. Mwaka 1930, huko Tahiti, Zane Grey alimvua nduwaro wa ratili 1,040, lakini papa walikuwa wamekwisha kumng'ata. Hakuna breki ya kumzuia papa. Chama cha dunia cha wavuvi hao, kilichoanzishwa New York mwaka 1939, hakiandiki katika daftari lake samaki aliyeraruliwa hivyo.

Siku hizi, katika majira ya kaskazi, wengi wavuao Watamu na Shimoni humtia nduwaro alama na kumwachia aende zake. Mashua nyingi zina mitambo ya kupimia kina na kuonyesha samaki walioko chini. Na huko Hawaii nahodha, akiisha kuutazama mtambo wake, hugeuka akauliza kama kuna mtu aliyekuja na ndizi.